Mbeleko ya Vaileth

Haya yalimpata rafiki yangu Atuganile, fundi cherehani wa Boko, naye si mtu wa kuzua mambo.

Akina mama wa kanisa walimpa kazi ya kushona blanketi la viraka vya vitenge, lichezewe bahati nasibu tupate paa la kanisa. Mwenyekiti wetu, Mama Gibson, alikuja msibani kwangu tulipomzika binti yangu Vaileth, aliyefariki akiwa ananyonyesha. Akaondoka na mbeleko ya Vaileth iliyokuwa kambani, akampelekea Atuganile aikate viraka, kabla ukoo haujakaa kugawa nguo za marehemu. Mjukuu wangu halali bila mbeleko ile. Tangu siku hiyo analia mpaka sauti inamkauka.

Nilipompigia Mama Gibson alinijibu, "Dada, marehemu hadai kitenge. Mwachie Bwana."

Bwana hakumtuma kuiba. Kila nikisali naomba nimsamehe, na bado sijaweza.

Nikampigia Atuganile.

"Nimeshaikata, dada yangu, kiraka kipo katikati ya blanketi," alisema. "Lakini nitakifumua leo hii."

Jioni akalitandaza blanketi mapajani. Alipogusa uzi wa kwanza, umeme ukakatika. Akabaki gizani, peke yake nyumbani. Ndipo akasikia, chini ya mikono yake, mtoto akinyonya. Alinyonya taratibu, akameza, akapumzika, akaendelea.

Umeme uliporudi, blanketi lote lilikuwa kavu. Ila kiraka cha Vaileth kilikuwa kimeloa, kina joto, na kinanuka maziwa.