Kadi Yenye Ghorofa Nne

Haraka haraka ina baraka zake. Anayebisha amwulize twiga.

Twiga huyo alikuwa wa karatasi ngumu na kitambaa cha manjano, mrefu kuliko binti aliyembeba, na binti alikuwa amechelewa. Mchana huohuo mtoto wa dada yake alipaswa kumvaa jukwaani. Akajitosa ndani ya lifti ya jengo la maduka, yeye na kiwiliwili cha twiga. Milango ikajifunga. Kichwa kikabaki nje, kikiwatazama wateja.

"Jamani! Twiga wa watu!"

Lifti ikagoma. Watu wakacheka, wengine wakatoa simu wapige picha. Ndipo akaja kijana wa ovaroli ya buluu, bisibisi sikioni kama kalamu.

"Dada, naona maji yamekufika shingoni," alisema kwenye upenyo.

"Acha utani, fungua! Na usimguse na hiyo grisi yako!"

"Nimwokoe nani kwanza, wewe au twiga?"

"Twiga!"

Alimwokoa. Shingo ilikuwa imekunjika, na binti akapiga magoti palepale sakafuni, gauni lake la maua limejaa vipande vya nyuzi, akatoa gundi mkobani na kuinyoosha. Fundi aliangalia vile vidole hadi akasahau lifti.

"Nipe namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Twiga akiugua tena."

Tangu siku hiyo lifti ilianza kuugua ovyo, na kila mara iliugulia ghorofa ya pili, kwenye duka la binti la kadi na mavazi ya maigizo. Shangazi yake, aliyeshona kwenye kona ya duka hilo, alisema ameona mengi ila lifti yenye mapenzi hajawahi.

Binti hakuwahi kutengeneza zawadi ya mtu yeyote tu. Mteja akija, alimhoji: huyo unayempenda anachukia nini? Anachekaje? Mwokaji akapata kadi yenye umbo la mkate uliong'atwa pembeni. Fundi wa lifti naye alishonewa kofia yenye twiga mdogo ndani, mahali asipoona mwingine. Fundi akambandika jina: Mkasi.

Siku ya kuzaliwa ya Mkasi ilipokaribia, fundi akapiga moyo konde. Na yeye atatengeneza. Alikata karatasi kwa mkasi wa jikoni, akaunda kadi yenye lifti ndogo iliyopanda kwa kuvutwa uzi. Ghorofa ya kwanza, ukifungua mlango, kichwa cha twiga. Ya pili, Shangazi kwenye cherehani, mdomo wazi. Ya tatu, vikombe viwili vya chai, kimoja kina alama ya rangi ya mdomo. Ya nne aliiacha tupu. Asubuhi akaiweka kadi mezani kwa Mkasi, akakimbilia kazini.

Mkasi alicheka, akalia kidogo, akaibusu. Kisha jicho la kazi likafumbuka. Kingo zilikuwa zimepinda kama njia ya mbuzi! Akachukua rula. Akazikata, akatoa uzi mnene akaweka wa hariri. Na ile ghorofa tupu, akidhani mwenzake kaishiwa muda, akaijaza.

Jioni fundi akaja na shati jipya lililopigwa pasi. Akaiona kadi.

"Nani ameigusa?"

"Mimi. Nimeinyoosha kidogo tu, mpenzi. Ilikuwa imepinda."

"Ilipinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka."

"Na huo uzi je? Si kamba ya kiatu?"

"Ya buti langu. Hili nililovaa siku ya twiga." Mkasi akatazama chini. Buti moja lilikuwa limefungwa kwa waya. "Wateja wako unawauliza mpaka mtu anavyocheka. Mimi ukanipitishia rula."

Akaichukua kadi, akaondoka kwa ngazi.

"Fundi wa lifti akishuka kwa ngazi," alisema Shangazi, "mwanangu, mambo yameharibika."

Fundi hakupiga simu. Mkasi naye hakupiga, kiburi kilimkaba. Lifti ikafanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mpaka asubuhi moja simu ikalia.

"Uko wapi?" aliuliza Mkasi, bila hata salamu.

"Ghorofa ya juu ya jengo lenu, ndani ya lifti."

"Imeharibika?"

"Nzima. Nimekaa tu. Leo ndiyo nimefungua ule mlango wa nne."

"Si ulikuwa mtupu? Nilidhani umeishiwa muda, nikaujaza."

"Niliuacha hivyo makusudi, Mkasi. Nilitaka uniulize mbona hamna kitu, nami nikuulize tuweke nini."

Mkasi akakaa. Ndani ya mlango ule alikuwa ameweka kizingiti, na kando yake jozi mbili za viatu: mabuti yenye grisi na ndala zenye vipande vya nyuzi.

"Haya mabuti," fundi aliendelea, sauti imeshuka, "yamekuja kutembea?"

"Angalia visigino. Vimeisha kwa kuvuka kizingiti hichohicho. Hayo ni ya mwenye nyumba."

"Kwa hiyo umejibu kabla sijauliza?"

"Si unanijua kwa haraka?"

Lifti ikashuka. Milango ikafunguka, na fundi akatoka na kadi kifuani, akicheka peke yake. Mkasi akatoa mfukoni ile kamba ya kiatu. Hakuwa ameitupa.

"Hii nitairudisha kwenye kadi."

"Na kingo zangu?"

"Zibaki zilivyo."

"Hata pole hamna?"

"Mwombe radhi, mwanangu," Shangazi akadakia, sindano mdomoni. "Safari hii kapanda lifti."

Mkasi akamshika fundi mkono, grisi na yote.

"Nitaolewa naye, Shangazi. Nitamshonea ovaroli mpaka tuzeeke. Lakini msamaha siombi. Zilikuwa zimepinda."