Niliuza Ng'ombe wa Dada Yangu

Nina miaka ishirini na tisa, naishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa mjini, mtaa wa Nguba. Msinihurumie kabla hamjasikia.

Dada yangu Nabintu alipoolewa, mumewe alileta ng'ombe wa mahari kijijini kwetu Nyantende. Papa, baba yetu, alimtunza kwa ajili yangu, ili siku moja nami nimtoe mahari nioe. Ndivyo tunavyofanya sisi Washi.

Lakini nilikuwa na haraka ya mambo mengine... Sisi tuliozaliwa wakati wa vita tulikua tukisikia jinsi wazazi walivyoporwa kila kitu, tukajiambia afadhali tuvae leo. Kila Jumapili tulikutana na vijana wa Muhumba, mtaa wa wenye pesa, kando ya ziwa kupiga picha. Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, basi kazi yangu ikawa kushika simu zao na kuwapiga picha. Katika picha zote hizo mimi simo!

Nikamdanganya Papa kwamba nimepata mchumba. Alifurahi mpaka akaniombea, akanikabidhi ng'ombe nimpeleke ukweni. Nikamuuza ng'ombe, nikanunua simu, jaketi na viatu vyeupe. Kwa miezi michache nami nilikuwa mtu. Waliniita patron, yaani bosi.

Kisha Nabintu akarudi nyumbani, mtoto mgongoni, mdomo umevimba kwa kipigo. Kwetu, mke akiacha ndoa, mume hurudishiwa ng'ombe wake, la sivyo mke ni wake bado. Mume alipokuja kudai mkewe au ng'ombe wake, Papa aliniita.

“Ule muchumba wako atangoja,” akasema. “Leta ngombe, dada yako abakie hapa.”

Nabintu alitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

“Hii viatu njo ngombe yangu?”

Nikaivuta miguu chini ya kiti. Akamfunga mtoto mgongoni, akamfuata mumewe.

Nilibeba mchanga kwenye majengo miaka mitatu, nikanunua ng'ombe mwingine. Nikaenda kumwambia dada sasa anaweza kutoka. Nikamkuta ana watoto watatu.

“Batoto ni ba bwana yangu,” akasema. “Nikienda, nitabaacha na nani?” Akaendelea kupepeta maharagwe yake.

Marafiki wa ziwani sijui walipo. Papa nikimpigia huniuliza afya, kisha hukata simu...

Vijana wenzangu, nawasihi, kabla hujauza kitu cha nyumbani uliza ni nani anakitegemea. Mimi sikuuliza. Ng'ombe yupo zizini kwa Papa, amekwisha kuzaa, na dada yangu bado anapigwa.