Ukuta wa Kijani

"Chungu kimekauka. Mpishi anacheka."

Ilikuwa sauti ya Mzee, mkuu wa idara ya ujasusi, kisha simu ikakatika. Siafu aliishusha Nokia yake sikioni. Siafu ndilo jina alilopewa idarani: mwanamke mdogo wa umbo, mkali wa kung'ata.

Maana ya maneno hayo aliijua. Kuna mtambo umezimwa, na wanaolipwa kuutazama hawana habari.

Akampigia Mzee.

"Mtambo gani?"

"Oksijeni. Hospitali kuu. Akiba inakaribia kwisha."

Mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitali kuu, wodi ya mahututi.

Lile genge la mitungi alilotumwa kulinasa lilimtia kichefuchefu kuliko wauza bunduki wote aliowahi kuwakamata. Wageni wa suti safi. Wanauzima mtambo, wanasubiri wagonjwa waanze kuhema, kisha malori yao yanaingia na mitungi ya magendo kwa bei waitakayo. Mtu aliyenyonya ziwa la mama anakaa kitako kufanya biashara ya pumzi za wenzake.

Akausukuma mlango wa chumba cha uangalizi wa mitambo ya hospitali zote, ambamo wiki nzima alikuwa akijifanya mkaguzi.

Kilinuka soksi na chai iliyolala. Vijana wawili walikuwa wakitazama mpira kwenye kompyuta ya kazi. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa skrini, kila mashine ya kila hospitali na taa yake, na kila taa ilikuwa kijani.

"Unaona, dada?" Meneja alisema, akipapasa tai. "Kijani kitupu. Hata nyumbani kwangu hakujatulia hivi."

"Mashine mamia, na hakuna hata moja yenye mafua?"

"Ndiyo usasa huo."

Usasa, haya. Siafu alikuwa fundi kabla hajawa jasusi, na usasa huo aliuona ukikua. Zamani fundi alipita na tochi akigusa mashine moja moja, kama mama anavyogusa paji la mtoto. Ikaja programu ndogo ya kubisha hodi: upo? Mashine isipojibu, fundi anapigiwa kelele hadi aache sahani mezani. Zikaja grafu za rangi. Na sasa hii, yenye funguo za mashine zote, inayojifunza yenyewe ni kelele gani wakubwa hawapendi kuzisikia.

Na ilijifunza kwa nani? Kwa huyu mwenye tai. Kila Jumatatu kikaoni, mwenye taa nyekundu alisimamishwa mbele na kusutwa mpaka machozi yamtoke. Basi vijana wakapandisha viwango vya kuwasha taa nyekundu. Mashine ikichemka, kijani. Ikifa, kijani. Genge halikuvunja mlango wowote, liliwakuta wenyewe wameshajifumba macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hapa maradhi ni ya Meneja na kifo ni cha mzazi wa mtu.

 

"Ile programu ya kubisha hodi iko wapi?"

"Ile? Ilikuwa inatuaibisha mbele ya wageni. Tuliifunika tu pale."

Pembeni, chini ya maboksi na jaketi la mtu, kompyuta kuukuu ya Dell ilikuwa bado inanguruma. Siafu akakifuta kioo kwa kiganja.

Mtambo wa oksijeni, hospitali kuu: haujibu. Haujibu. Haujibu.

Mstari wa chini yake: kompyuta ngeni, chumba cha seva.

"Nani yuko chumba cha seva?"

"Mshauri tu. Ndiye aliyetuletea programu mpya. Mstaarabu sana, dada, halafu ananukia..."

Siafu alikuwa keshafika ngazini, anashuka.

Baridi. Kelele za feni. Mshauri alikuwa amechuchumaa mbele ya kompyuta yake, bastola ya Beretta mapajani.

Akageuka, akafyatua.

Risasi ilipita jirani na sikio la Siafu na kuzama kwenye kabati. Siafu akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akampulizia wingu jeupe usoni, akampiga nao mdomoni, kisha kifundo cha mkono. Mfupa ukavunjika. Bastola ikateleza mvunguni.

Alimkalia kifuani. Marashi ya bei mbaya yalimjaa puani.

"Washa mtambo."

"Nimebadili neno la siri." Mshauri alicheka, meno yana damu. "Tuzungumze, dada. Mitungi tunayo. Mna wagonjwa wangapi?"

 Siafu alimfunga pingu kwenye mguu wa kabati, akaufuata kwa macho waya mnene wa bluu uliobeba amri za programu kwenda kwa mashine zote. Kila mtambo ulipojaribu kujiwasha, programu iliuzima tena. Basi mwenye kuamuru akatwe ulimi.

Akaung'oa waya.

"Mzee?" aliita kwenye redio ya kiunoni.

"Subiri." Redio ikakwaruza. "Umewaka. Pampu inavuta."



Meneja akaingia anahema, tai begani. Pingu aliziona, damu aliiona, na hakuuliza.

"Dada, umefanya nini? Ukuta mzima mwekundu, na wageni wa wizara wako getini. Rudisha kijani, hata cha uongo. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

Nokia ikatetemeka. Muuguzi wa wodi.

"Mama yako anapumua vizuri, dada yangu. Ila babu wa kitanda cha pili hatukumuwahi. Wanawe wako hapa. Wanauliza mbona hakuna aliyetuambia."

Siafu akamkabidhi Meneja simu.

"Nani huyu?"

"Wafiwa. Waambie kuwa una wageni getini."

Akapanda ngazi, atoke kwenda hospitali kuu kumwona mama yake. Nyuma yake Meneja alisema "haloo", kisha akaivua tai.