Mpira wa Kunyonyea Petroli

Sababu msiniulize. Hata rafiki yangu Rubeni, ambaye yalimkuta mwenyewe, hana.

Rubeni alikuwa fundi wa magari Lushoto. Shamba la chai lilipotaifishwa, mzungu mwenye shamba alimwachia gari lake aina ya Pijo akamwagiza aitoe petroli yote, maana ikikaa muda mrefu hugeuka gundi na kuziba kabureta. Rubeni hakupenda kunyonya petroli kwa mdomo. Akamkabidhi mpira Selemani, kibarua wa pale shambani.

"Vuta, mghoshi! Vuta kiume!"

Selemani akavuta kwa pupa, petroli ikampita kooni. Akakohoa, akaomba maji. Rubeni akacheka hadi akashika mbavu.

"Meza tu, itakupasha moto kwenye baridi hii!"

Wiki haikuisha, Selemani akazikwa kwao Bungu. Rubeni aliuchoma ule mpira, akafunga banda la gari kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya ukungu mzito, kijiji cha ujamaa kilipohitaji gari, Rubeni akaenda kulifungua banda. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, hakuna aliyeligusa. Ndani giza totoro. Akasikia mtu ananyonya, anakohoa, kisha ananyonya tena.

"Nani wewe?"

Akapapasa ubavu wa gari mpaka kwenye mdomo wa tangi. Palikuwa na mpira unaning'inia. Akaishika ncha yake. Ilikuwa imelowa mate, na mate yenyewe yalikuwa bado ya moto.