Mfuko Uliogawa kwa Zamu

Majirani zangu, kaeni nizungumze. Mwenye haraka na aende zake, sitamshika shati, lakini asije kesho kuniuliza kisa kilikuwaje.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za nje za duka la vifaa vya ujenzi, na juu ya ngazi hizo ndiko iliko ofisi ya Mfuko wetu wa Jamii. Anayepanda kuomba msaada ananipita, na anayeshuka ananipita. Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa, kwa hiyo mtanisamehe kwa kujua mengi.

Asubuhi zilikuwa nzuri wakati ule. Kabla sijamaliza kupanga gundi na sindano zangu, alikuwa akipita msichana mdogo ameshikwa mkono na mama yake, gauni limenyooshwa halina hata kunjo moja, maana mama yake ni dobi wa hoteli. Mtoto huyo tulimwita Bosi. Hakuwa na cheo, ila alizaliwa na mdomo wa kuamrisha. Akifika kibandani anasimama, ananipima juu hadi chini, kisha anatoa amri. "Babu, funga vifungo. Utapata kikohozi." Nami nafunga, mzee mzima na mvi zangu. Nani angethubutu kubisha? Mama yake anacheka, wanaendelea na safari yao kwenda kituoni.

Bosi alikuwa na kifafa. Nalitaja jina la ugonjwa waziwazi kwa sababu wapo kati yenu wanaolinong'ona kana kwamba ni tusi. Kituo alichokwenda kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, kikiendeshwa na mwanamke mmoja mstaafu ambaye wote tunamwita Mwalimu. Watoto pale wengine walikuwa na kifafa kama Bosi, wengine viungo vyao vilikuwa vizito. Mwalimu na wasaidizi wake wawili waliwajua mmoja mmoja. Walijua kwamba Bosi akiacha ghafla kuamrisha watu na kukodoa macho ukutani, basi kinakuja. Wanamlaza ubavu, wanaondoa viti, wanakaa karibu naye mpaka kipite. Dawa anapewa kwa wakati wake, bila kuruka. Na kwa sababu ya dawa hizo na macho hayo, kifafa kilikuwa kimeanza kumwacha. Mama yake alishaanza kuulizia nafasi katika shule ya kawaida.

Sasa niwaambie habari za Mfuko, maana ndiko mzizi wa fitina uliko, ingawa hapakuwa na fitina yoyote. Mwenyekiti wake ni mwenye duka hili la vifaa, na ni kaka yake Mama Bosi, tumbo moja. Miaka ya nyuma alikuwa akisimamia upatu wa wafanyabiashara wa mtaa huu. Mnaujua upatu: wote mnachanga, huyu anachukua, awamu ijayo anachukua mwingine, mpaka mzunguko unaisha. Aliuongoza upatu ule kwa uaminifu, hakula hata senti ya mtu. Ndipo watu wakasema, mtu kama huyu tumpe kazi kubwa zaidi. Wakaanzisha Mfuko, wenye nacho wakachanga, pamoja na watoto wetu walioko mbali, ili fedha hizo ziwategemeze wanaojitolea katika mtaa: kituo cha watoto, wanaotembelea wagonjwa, wanaosafisha mitaro, wote hao.

Lilikuwa wazo jema, nalisema bila kigugumizi. Lakini Mwenyekiti alijua namna moja tu ya kugawa fedha za watu, nayo ni ya upatu. Kikundi kinachukua zamu yake, mwaka unaisha, kinarudi mwisho wa foleni, kinachukua kingine. Kiwe kinafanya kazi nzuri au mbaya, zamu ni zamu. Watu walimpigia makofi. Walisema huyu ndiye kiongozi, hana wa kwake wala wa kando. Naye sifa hizo zilimkaa vizuri mwilini, kama suti iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Jamani, hebu fikirini kidogo. Ukichukua upatu ukanunua cherehani, cherehani itakungoja nyumbani hata miaka mitano. Kituo cha watoto hakinunuliwi mara moja kikawekwa pembeni. Kinalipa pango leo na mwezi ujao, kinalipa wasaidizi leo na mwezi ujao, na mtoto anameza dawa leo na kesho na kesho kutwa.

Zamu ya kituo ikaisha. Mwalimu akapanda ngazi kuomba waendelezwe, akashuka mikono mitupu. Akapanda tena na mzazi mmoja, wakashuka wote wawili vilevile. Niliambiwa baadaye kwamba wajumbe wa Mfuko waliwashauri wasiwe tegemezi. Zamu ilikuwa imefika ya timu ya mpira, na sina ugomvi na mpira, vijana walipendeza kweli katika jezi zao mpya. Wasaidizi wa Mwalimu walifanya kazi bila malipo hadi njaa ilipowashinda, mmoja akaenda kuuza dukani, wa pili akaolewa mji mwingine. Mwalimu alibaki peke yake na watoto wote, mwenye nyumba naye akabadilisha kufuli.

Siku hiyo Mama Bosi alipanda ngazi mwenyewe. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na mimi nilikuwa na kiatu mkononi, ningekwenda wapi? Alianza kwa upole, akamwuliza kaka yake hali ya wifi na watoto. Kisha akasema kilichompandisha.

"Kaka, sikuja kuomba cha kwangu. Naomba kituo kifunguliwe."

"Mdogo wangu, zamu yenu imepita. Mkingoja mtafikiwa tena, hakuna atakayewaruka."

"Mimi naweza kungoja. Bosi hawezi. Kifafa hakijui foleni, kaka."

Mwenyekiti akashusha sauti. Nilimsikia vizuri kwa sababu hata mimi niliacha kugonga misumari.

"Sikiliza. Kituo hicho ndimo alimo mpwa wangu. Nikikipa mara ya pili kabla ya wengine, watu watasema nini? Watasema nakula kwa mkono wa dada yangu. Jina langu lote limejengwa hapa."

Akamwahidi kumsaidia kutoka mfukoni mwake, na hilo alilitimiza, msije mkasema namsingizia. Alituma dawa mara ya kwanza, akatuma mara ya pili. Lakini biashara ni biashara, mtu anasafiri, anasahau, na dada mtu anaona haya kukumbusha. Dawa zikawa leo zipo, kesho hazipo. Mama Bosi akaanza kukata kidonge kwa kisu ili zifike mwisho wa mwezi. Kifafa nacho, kilichokuwa kimeanza kuondoka, kikarudi kwa hasira.

Na kazi je? Aache kazi wale nini? Baba wa mtoto alikwishaondoka zamani, na aliko hajulikani. Mama Bosi alijaribu kumpeleka mwanawe hotelini, msimamizi akamfukuza mtoto alipomwona ameanguka karibu na mashine. Alijaribu majirani. Hapa nitawasema, na mnisikie: mlimkatalia kwa sababu mnadhani povu la kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Wauguzi wamesema hivyo mpaka wamechoka, nanyi mnaendelea kufunga milango. Nilijitolea kukaa naye kibandani, akakaa, akaamrisha wateja wangu wavue viatu kwa adabu, tukacheka. Lakini kibanda kiko ukingoni mwa barabara. Alipoanguka, alianguka upande wa magari, na dereva mmoja alifunga breki hadi tairi zikatoa moshi. Mama yake hakumleta tena. Nami sikuweza kumlaumu.

Akabaki na njia moja, ambayo mama yeyote angekufa kabla ya kuichagua kama angekuwa na nyingine. Akaanza kumfungia mtoto chumbani. Alitandika magodoro sakafuni, akaondoa jiko, akaondoa visu na stuli, akafunga kwa kufuli, akaenda kazini. Kila mchana wenzake walipokuwa wakila, yeye alikuwa akikimbia njia nzima kuja kumwona, kisha anarudi kwa mbio zilezile. Alikonda, na kanda za viatu vyake zilikatika mara kwa mara, nikawa namshonea bila yeye kuniomba. Nilimwuliza anavumiliaje. Alinijibu kwamba Bosi siku hizi haamrishi mtu, anauliza tu kama Mwalimu atarudi.

Kuna siku alichelewa kuamka kwa uchovu, akaacha nguo zimelowekwa ndani ya beseni mle chumbani. Beseni tu la kufulia, ndugu zangu, maji yasiyofika hata gotini. Mchana alipita hapa mbio kama kawaida. Baada ya muda mfupi nilisikia sauti kutoka uchochoroni, na nikajua, sijui nilijuaje. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi, naye amekaa sakafuni amempakata mwanawe, nywele za mtoto zinachuruzika maji, na yeye anamfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, taratibu.

Nililia, sioni aibu kusema.

Mazishi yalijaa watu. Wale waliofunga milango walikuja wote, wakalia kwa sauti kuliko sisi. Walipomaliza kuzika, mjumbe mmoja wa Mfuko akasimama kutoa neno la pole. Nadhani alikusudia mema. Alisema tunaye kiongozi mwadilifu ambaye hata mtu wa damu yake hakumpendelea, na kwamba msiba huu ni ushahidi. Baadhi ya watu wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti alikuwa ameinama.

Mama Bosi akainuka pale alipokuwa ameshikiliwa na wanawake. Hakupaza sauti.

"Kaka, uliogopa watu watasema nini. Haya, umewasikia. Wamekusifu. Chukua sifa zako uende nazo nyumbani."

Akageuka, akaondoka na wanawake waliomshika, na hadi leo ninapozungumza nanyi hajapanda tena ngazi zile. Akipita kwenda kazini hupita upande wa pili wa barabara.

Baada ya siku za matanga Mwenyekiti alishuka ofisini, akanitaka nimwonyeshe anakokaa Mwalimu. Nikamwongoza. Tulimkuta anauza mboga mlangoni kwake. Mwenyekiti akasema amekuja kukipa kituo fedha, leo hii, bila zamu, na kwamba kitaitwa kwa jina la mpwa wake. Alikuwa analia huku akisema.

Mwalimu alifunga fungu la mboga, akampa mteja, ndipo akamjibu. "Utanipa nani, Mwenyekiti? Vyumba vimekuwa ghala la matairi. Wale mabinti niliowafundisha wametawanyika. Itanichukua muda mrefu kupata wengine wanaojua mtoto anaangukaje. Ulidhani tumekaa pale kwenye foleni tunakungoja. Hatukuwepo kwenye foleni. Tulikuwa tunakufa."

Kisha akamweleza habari za watoto waliobaki. Mmoja amepelekwa kwa bibi yake mbali, ambako hakuna dawa. Wengine wanafungiwa kama Bosi alivyofungiwa. Na mmoja, mwenye miguu mizima na akili ya kutangatanga, amefungwa kamba kitandani, na aliyemfunga ni mama anayempenda.

Mwenyekiti alikaa chini kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

Funzo la kisa hiki

Funzo nalo nalitaja wazi. Kiongozi asiyeiba ni mwema, lakini kutoiba si kuongoza. Kuwagawia wote sawasawa bila kuangalia nani anategemea nini ni uvivu uliovaa kanzu ya haki. Anayesimamia fedha za jamii aulize kwanza: tukiondoa mkono hapa, nani ataanguka? Akishajua, auache mkono palepale, hata watu wamseme, hata wamtukane. Na anayewasaidia wanaojitolea awasaidie kwenye pango na mishahara, mambo yasiyopigwa picha, maana hapo ndipo kazi yao inaposimama.

Sisi wengine tusijifiche nyuma ya Mwenyekiti. Maneno aliyoyaogopa yangetoka vinywani mwetu. Tungemwambia mapema kwamba hatutamsema, pengine angethubutu.

Mfuko umebadilisha utaratibu sasa, na Mwalimu anatafuta vyumba vingine. Havijapatikana. Mpaka vitakapopatikana, yule mtoto wa kamba bado amefungwa, nyumba ya tatu baada ya kisima, na mama yake hutoka kwenda kazini alfajiri. Nani kati yenu atakwenda kukaa naye kesho?