Kigae cha Somoe

Kila asubuhi Anjelina alifagia maranda kwenye karakana ya useremala ya baba yake pale Keko, Dar es Salaam, kisha akakimbilia shule huku anatafuna muhogo. Mwaka ule wa 1953 alikuwa darasa la tano. Mwalimu Theonest, aliyependa historia kuliko chai, alikuwa akiwafundisha jinsi Wareno walivyoipiga Kilwa kwa mizinga ili biashara ya dhahabu baharini iwe yao, na jinsi Waarabu wa Omani walivyokuja baadaye kuwafukuza, wakatawala wao.

"Mwenye kitu cha kale cha Kilwa akilete," alisema. "Kitakachoshinda, mwenyewe atasimulia siku ya wazazi."

Basi Anjelina akaitamani sifa hiyo. Alichukua kijisanduku kipya cha baba yake, akakipaka masizi na mafuta ya nazi mpaka kikazeeka. "Babu wa babu yangu alikificha Wareno walipoingia," alisema, macho makavu. Lo! Uongo mtupu, na darasa zima likampigia makofi.

Rafiki yake Somoe akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na kigae cha bakuli la Kichina, chenye ua la buluu. Watu wa Kilwa walikuwa wakipamba kuta kwa mabakuli hayo, na bibi yake alikiokota nyumba ya kale ya huko ilipobomoka.

"Kakitupe jalalani!" wenzake wakacheka. Anjelina akachaguliwa.

Njiani kurudi nyumbani, Somoe alisema taratibu, "Bibi ataniuliza kama mmekipenda. Nitamwambia ndiyo. Anaumwa, sitaki nimwongezee uchungu."

Anjelina aliona aibu, aibu hasa! Akageuka, akarudi shule mbio.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimedanganya. Kijisanduku ni kipya, masizi ni ya jikoni kwetu. Nafasi ni ya Somoe."

"Marahaba. Kesho utawaambia wenzako."

Akawaambia. Wakamzomea, naye akavumilia.

Siku ya wazazi Somoe alisimulia, na bibi yake, aliyeletwa kwa baiskeli, akamrekebisha mara mbili mbele ya umati. Anjelina alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Mwalimu Theonest akamsogelea. "Kila aliyeiteka Kilwa alisema ni yake, mwanangu. Sijasoma popote kwamba mmoja wao alirudi akasema, 'Nimekosa, chukueni chenu.' Wewe umerudi."