Kimraba Juu ya Kiti Kitupu

Mwalimu Torunn ni jirani yangu wa mlango wa pili hapa Kristiansund. Haya alinisimulia mwenyewe, kikombe amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Nami nayasema kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Juni. Jua limetoka, nguo zimeanikwa, kivuko kinapita kisiwa hadi kisiwa kama kawaida yake. Torunn aliingia katika duka la mzee Steinar kuangalia kamera. Wazo la kamera alikuwa nalo tangu Februari, pale mumewe Asle alipoanguka akiondoa theluji mlangoni, na hospitalini moyo wake ukasimama dakika nne nzima kabla madaktari hawajaurudisha. Akiwa kwenye benchi la kusubiria, Torunn alifungua simu kutafuta picha za mumewe. Zilikuwepo tele, na zote za ovyo. Simu ilikuwa imemlainisha uso mpaka akawa kama donge la unga. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hana hata picha moja yenye mikunjo ya kweli ya mumewe! Asle aliporudi nyumbani mzima, mkewe akaapa kwamba safari hii atampiga picha za maana.

Tatizo likawa anunue ipi. Kamera kubwa ni mzigo, ingeishia kabatini. Nyingi kati ya zile ndogo hazikuwa na tofauti na simu.

"Hii ndiyo yako, Mwalimu," alisema Steinar, akaweka mezani kitu cheusi kisichozidi kipande cha sabuni. "Inaingia mfuko wa koti. Lakini kihisi chake, hicho kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni kikubwa kama cha yale madude ya kuvunja shingo. Mpya utaisubiri miezi. Hii imetumika kidogo tu."

"Mbona haivuti vitu vya mbali?"

"Haivuti. Ukitaka karibu, tembea. Miguu unayo."

Torunn akacheka, ila akasita. Aliigeuza, akaishika, akairudisha mezani, akaishika tena. Steinar, ambaye watoto wake wote watatu walifundishwa na Torunn, akamwonea huruma.

"Kaa nayo mpaka Jumatatu. Ukiipenda tutaelewana. Usipoipenda nirudishie, hakuna ubaya. Vya mwenyewe wa zamani nimeshavifuta vyote."

Nyumbani, Asle alikuwa jikoni akipaka mkate siagi.

"Hiyo kamera au sabuni ya kuogea?" akauliza.

"Kaa kimya nikupige, mzee wangu."

Picha ya kwanza ilimtoa Torunn machozi. Huyu ndiye Asle hasa. Mvi za nyusi moja moja, mikunjo ya macho, ncha ya kovu la upasuaji ikichungulia kwenye kola ya shati. Hata mwanga wa dirisha ulionekana kumgusa kwa upole. Pale pale Torunn alijua atainunua.

Akainua kamera tena. Kwenye kioo cha nyuma kilitokea kimraba cheupe, kile kinachoonyesha kwamba kamera imeona uso. Kilikaa juu ya uso wa Asle. Kisha kikaruka.

Kikaenda kukaa juu ya kiti cha dirishani. Kiti hakikuwa na mtu.

Torunn alidhani kamera imebabaishwa na kitambaa cha vyombo kilichoning'inia pale. Akakitoa. Kimraba hakikubanduka. Kilitulia hewani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Kisha kikasogea kidogo kushoto, kama mtu anayegeuka kukutazama.

Chini yake yakatokea maandishi madogo. Kolbein.

Alimpigia Steinar simu. Mzee akamweleza kwamba kamera hiyo hufundishwa sura za watu wa nyumbani: unampiga mtu picha tano, unaandika jina lake, na tangu hapo inamtambua popote na kumpa kipaumbele.

"Lakini nimeifuta, Mwalimu. Nimeifuta mara mbili. Hebu angalia kwenye orodha ya majina."

Torunn akaangalia. Orodha ilikuwa tupu.

Ijumaa Asle alisimama dirishani akitazama bandari. Torunn akampiga picha mgongoni. Alipoikuza aione vizuri, akakuta Asle ametoka na ukungu. Ukuta nao, ukungu. Kilichotoka wazi kilikuwa hewa kati ya Asle na ukuta, nafasi ya upana wa mtu mmoja. Humo vumbi la jikoni lilionekana chembe kwa chembe, limeganda, wakati pande zote halikuonekana kabisa.

"Asle," akanong'ona, "njoo huku."

"Kuna nini?"

"We njoo tu."

Asle aliitazama picha, akacheka. "Kamera inaota ndoto za mchana. Irudishe, mama, kabla hujaanza kuota na wewe."

Lakini alipokuwa akicheka, alijisugua shingo kwa nyuma. Alisema ubaridi unampiga hapo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Jumamosi asubuhi walikaa kunywa kahawa. Torunn alikuwa ameamua kuirudisha kamera siku hiyo hiyo. Akataka tu aione mara ya mwisho. Akaielekeza kwenye kiti cha dirishani. Hakuna kimraba. Akaielekeza ukutani. Hakuna. Akashusha pumzi, akamgeuzia mumewe.

Kimraba kilikuwa usoni mwa Asle. Kimoja tu. Kimetulia.

Chini yake: Kolbein.

Asle alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua sukari. Tangu wafunge ndoa hajawahi kutia sukari kwenye kahawa. Akatia vijiko vitatu. Akakoroga taratibu. Akanywa. Akainua macho, yakamtazama Torunn kama mgeni mwenye adabu anavyomtazama mwenye nyumba.

"Bodil," akasema kwa sauti ya chini. "Mbona umebadilisha mapazia?"

Torunn akainuka. Alichukua koti na kamera, akatoka na viatu mkononi.

Dukani alisimama mbele ya Steinar akihema.

"Bodil ni nani?"

Steinar akabadilika rangi. "Nani kakwambia? Ndiye aliyeniuzia hiyo kamera. Mjane, anakaa ng'ambo, Nordlandet. Mumewe alifariki Februari."

"Februari tarehe ngapi?"

"Kumi na moja, nadhani. Hospitali hii hii ya hapa."

Kumi na moja Februari. Siku ambayo moyo wa Asle ulisimama.

Alivuka na kivuko cha kwanza. Bodil alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sweta ya kijivu. Alipoiona kamera mkononi mwa mgeni hakuuliza kitu. Alifungua mlango wote.

"Amefika kwako," akasema.

"Amefika."

Bodil akakaa kwenye ngazi za ndani. "Kolbein aliifundisha sura yake mwenyewe, siku tuliyoinunua. Alipokufa nikawa naiwasha, nakiona kimraba kwenye kiti chake. Ndugu yangu, nilifurahi! Nilimwandalia kahawa kila asubuhi. Vijiko vitatu vya sukari, hivyo hivyo alivyozoea. Watoto wakasema mama anachanganyikiwa, auze. Nikafuta jina lake kwa mkono wangu." Akajifuta uso. "Naye Steinar akafuta tena. Tulimfukuza mara mbili. Unategemea aende wapi?"

"Amemwingia mume wangu."

Bodil akainua uso. Kwa kitambo kidogo Torunn aliona usoni mwake kitu kilichomtisha kuliko kimraba chenyewe. Aliona matumaini.

"Ameniulizia?" Bodil akanong'ona.

"Niambie nifanye nini. Tafadhali, dada."

Mjane yule aliitazama kamera. "Wako ulishamtia jina humo?"

"Bado. Kamera si yangu, ilikuwa ya kujaribu tu."

"Basi haimjui," alisema Bodil, akasimama, akafunga mlango.

Torunn alirudi nyumbani mbio, mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Asle alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa ameyashusha mapazia, ameyakunja vizuri magotini. Torunn akafungua sehemu ya majina. Kamera ikamwambia auweke uso wa mtu katikati ya kioo.

"Nitazame."

"Usifanye hivyo, Bodil."

Picha ya kwanza. Asle akageuza uso. Torunn akamshika kidevu kwa mkono mmoja. Kilikuwa baridi kama samaki wa sokoni.

"Asle Aasen. Ulinichumbia kwenye foleni ya mkate kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hukuwa na la kusema."

Ya pili.

"Ulichoma soseji zote siku ya ubatizo wa Marit, ukamsingizia baba yangu."

Ya tatu. Mikono ikamkamata vifundo vya mikono. Mikono ya mumewe, nguvu si zake.

"Nilikuwa na nyumba," sauti ikasema, karibu kulia. "Nilikuwa na kiti."

"Najua, kaka," Torunn akamjibu, na machozi yalikuwa yanamtoka yeye pia. "Najua. Lakini hiki si chako."

Ya nne.

Ya tano.

Kamera ikauliza jina. Akakosea, akafuta, akaandika upya. A. S. L. E. Akabonyeza.

Kimraba kilizimika. Kikawaka. Kikazimika. Mikono ikaachia. Kimraba kikawaka mara ya tatu, kikatulia, na chini yake jina likasomeka Asle.

"Mbona umelia?" akauliza mumewe. Akatazama magotini. "Na haya mapazia nani kayatoa?"

Jumatatu mzee Steinar alipiga simu. "Vipi, Mwalimu, unairudisha au unainunua?"

Torunn aliitazama kamera iliyokuwa kwenye rafu, ikiwa na jina moja tu ndani. Alifikiria mtu mwingine akiichukua. Alifikiria mkono wa Steinar ukiifuta.

"Nainunua," akasema.

Hawampigi mtu picha nayo. Inachajiwa kila Jumapili ili isizime. Asle amerudi kunywa kahawa bila sukari, anafanya utani wake, anakoroma. Majira yote ya joto Torunn alikuwa akimchunguza, na hakuona kasoro. Akaanza kulala vizuri.

Septemba Asle alitakiwa hospitalini kwa kipimo cha moyo, na wakamwambia asivae kitu chochote cha chuma. Pete ya ndoa ikagoma kutoka. Torunn akamsugua kidole kwa sabuni mpaka ikachomoka, akaiweka kiganjani, akaigeuza kuangalia ndani, pale ambapo watu wa huku huchora jina la mke na siku ya harusi. Aliileta kwangu mchana ule ule. Akanipa niisome.

Tuliipeleka pamoja kwa sonara. Akaitia chini ya kioo chake cha kukuzia, akaigeuza mara mbili tatu. Torunn akamuuliza kama inawezekana mtu aliichora upya hivi karibuni.

"Hapana, mama," sonara akasema. "Ona zilivyolika. Hizi herufi zimevaliwa miaka arobaini."

Nilizisoma kwa macho yangu. Zilikuwa tano, na ya kwanza ilikuwa B.